Wamepima ekari 600 kijijini kwetu Mtwara, wanasema ni "kampasi ya data". Nipande mikorosho au nisubiri?

#1 Mkorosho Mmoja

Wakuu, salaam. Naomba mawazo, wenye matusi wapite kushoto.

Mimi ni mkulima, Mtwara Vijijini. Kijiji sikitaji kwa sasa. Wiki tatu zilizopita zilikuja gari mbili nyeupe, vijana wamevaa riflekta, wakazunguka na ile mashine yao ya miguu mitatu na kuchomeka vigingi vya rangi nyekundu. Viwili vimeangukia shambani kwangu. Mwenyekiti wa kijiji akatuambia kuna mwekezaji anataka ekari 600 za "kampasi ya data". Hakuna barua iliyosomwa. Tulipouliza data ni kitu gani, kijana mmoja akasema "ndiko inakokaa intaneti". Mama mmoja akauliza, kwa hiyo bando litashuka? Akacheka tu, akapanda gari.

Shida yangu ni hii. Nina mikorosho 140. Mwaka jana nilikata 40 iliyozeeka, na miche ya kuziba mapengo iko tayari kwenye viriba, mvua ndiyo hizi. Mwenyekiti anasema tusiendeleze chochote. Kasema kwa mdomo, hakuna karatasi. Nipande au nisubiri?

#2 Chikongola Stendi

Intaneti inakaa hewani njomba. Mmeshapigwa.

#3 Bi Mkubwa wa Mikindani

Mtwara kuchele, yaani kumekucha! Tulianza kuisikia kuchele enzi za gesi, mpaka sasa naona ni kuchelewa tu. Niko hapa nasoma.

#4 Fundi Mkongo

#2 acha kumpotosha mwenzio. Intaneti haikai hewani. Picha yako ya WhatsApp imelala kwenye kompyuta ya mtu mahali fulani. Kompyuta hizo zinaitwa seva, zinapangwa kwenye makabati, makabati maelfu kwenye ghala moja lisilo na madirisha. Ghala moja ni kituo cha data. Maghala kadhaa ndani ya uzio mmoja, yakiwa na kituo chake cha umeme na jenereta zake, ndiyo kampasi.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua ijengwe wapi: umeme usiokatika, njia ya kupoza joto, na mkongo, yaani ile kebo nene ya kupitishia intaneti. Mtwara cha kwanza kinaweza kupatikana. Cha pili kina maneno. Cha tatu ndicho kinanipa mashaka. Mikongo ya baharini kama SEACOM na EASSy inapanda nchi kavu Dar es Salaam, haipandi Mtwara.

#5 Kijana wa Shangani

Mkuu Fundi, mimi nilijua mkongo unapita hapa hapa baharini kwetu.

#6 Fundi Mkongo

Unapita mbali huko chini ya maji, na kupita si kushuka. Hata basi la Masasi linapita kijijini kwenu bila kusimama. Unakumbuka Mei 12, 2024? SEACOM na EASSy zilikatika siku moja kule upande wa Afrika Kusini, nchi nzima tukabaki tunatazama duara linazunguka. Sasa data zako ziwe Mtwara, halafu njia ya kuzifikia ni waya wa nchi kavu uliofuata barabara ya Kibiti hadi Lindi. Ile barabara ambayo kimbunga Hidaya kiliikata Kilwa mwezi huo huo.

#7 Ruvula Upepo

Mnahangaika bure. Jibu ni gesi. Visima vya gesi vya Mnazi Bay vipo, mtambo wa kuisafisha wa Madimba upo, bomba lipo. Kompyuta hizo zinakula umeme kama nini sijui. Badala ya kuisafirisha gesi mpaka mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar, mtu anaona bora aichome hapa hapa auze nguvu ya kompyuta. Tangu gesi igunduliwe 2010 tunasubiri mtu mwenye akili hiyo.

#8 Mzee wa Reli

Ruvula, mwanangu, sahihisha. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ya 2010 na kuendelea ni ile ya bahari kuu. Msiandike historia kwa kukumbuka siku mliyonunua simu.

Na kwa kuwa nimeingia, niwaambie. Baba yangu alifanya kazi kwenye mpango wa karanga wa Mwingereza, Nachingwea. Walikuja 1947 na matrekta, baadhi yaliyokuwa mabaki ya vita. Walitujengea bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma. Kufika 1951 mpango ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimezama. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Bandari ikabaki. Kwa hiyo mtu akiniambia mradi umekuja, huwa nauliza swali moja: mkishindwa, kitabaki nini?

#9 Chikongola Stendi

Mzee lakini ile reli si ilikuwa ya korosho?

#10 Mzee wa Reli

Karanga. Soma tena.

#11 Mwana Likong'o

Mleta mada, mimi nitakujibu swali lako ulilouliza, maana naona wenzangu wamekimbilia Songo Songo.

Natokea Likong'o, Lindi, kule panapotakiwa kujengwa mtambo wa gesi ya kimiminika. Sisi tulipimwa, tukaambiwa maneno hayo hayo: msiendeleze. Mimi nilikuwa na nyumba ambayo ukuta wa nyuma umepasuka. Sikuziba. Nilijua nikiziba nitakuwa nimepoteza saruji. Ufa ukaanza kupitisha mjusi, baadaye ukapitisha paka. Mke wangu akawa anautundikia kanga. Minazi iliyokufa sikuipandia mingine. Tukakaa hivyo miaka. Fidia ilipokuja, nashukuru ilikuja, pesa ile ilikuwa ya nyumba yenye ufa na shamba lenye mapengo. Waliotupimia siwataji, na sisemi walituibia. Nasema sisi wenyewe tulijipunguza kwa kusubiri. Na mtambo mpaka leo haujajengwa.

Panda.

#12 Mama Sufiani

Mwana Likong'o umenitoa machozi na hiyo kanga.

#13 Mpimaji Mstaafu

Mleta mada, ushauri wa #11 una moyo lakini una hatari. Kama zuio ni halali, lina barua na tarehe, ukipanda baada ya hiyo tarehe mthamini hahesabu. Watu wanapanda miche usiku kucha ili wahesabiwe, tunawajua, mche mmoja na mwingine hatua moja. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, nimehesabu mikorosho iliyochomekwa bila mizizi.

Lakini zuio la mdomo si zuio. Omba barua. Uliza mambo haya: nani anayetwaa, kijiji au serikali, mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa lini, mthamini amesajiliwa? Fidia si ya mti peke yake. Kuna thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida unayoipoteza. Isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unatakiwa kurudiwa.

Na nitajieni vigingi vimeandikwa nini. Kigingi huwa kinasema kuliko mwenyekiti.

#14 Wakili wa Mtaani

Kuna kitu mmekipita. Ekari 600 ni kama hekta 243. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapohamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na kauli inakuwa ya waziri. Huyu mwekezaji kasimama hekta saba tu kabla ya mstari. Kwa nini?

#15 Ruvula Upepo

Kwa sababu anakwepa wizarani.

#16 Wakili wa Mtaani

Au kwa sababu mtu amemwambia kijiji ni rahisi kukilainisha kuliko wizara. Sijasema imetokea.

#17 Bi Mkubwa wa Mikindani

Lakini jamani si ni vizuri basi? Ikiwa chini ya hizo 250 kauli ni yetu. Mwenye nyumba akiulizwa si aseme. Tatizo mkutano ukiitwa wanaume wako kwenye uraka, ile pombe ya mabibo, wanawake tuko shamba, akidi inatimizwa na watoto wa shule.

#18 Njomba Halisi

Bi Mkubwa uraka umekukosea nini? Msimu wa mabibo mkutano uitwe asubuhi, ndiyo demokrasia yetu.

#19 Kijana wa Shangani

Tuongelee ajira sasa. Mimi nina diploma ya kompyuta, naendesha bajaji. Nyie mnaongea karanga za 1947. Kampasi ikija nitaajiriwa?

#20 Fundi Mkongo

Nitakwambia ukweli hata kama hautaupenda. Nimefanya kazi kwenye kituo kidogo cha data Dar, jina nalihifadhi. Wakati wa kujenga kuna watu mia kadhaa: zege, chuma, nyaya, mama ntilie wanapata. Ikikamilika mnabaki wachache, na zamu ya usiku tulikuwa wanne, wawili walinzi. Seva hazihitaji watu, zinahitaji baridi. Kazi za seva zenyewe mtu anazifanya akiwa nchi nyingine kabisa. Utakachopata hapo ni umeme, viyoyozi, jenereta, ulinzi, usafi. Ukitaka kuingia soma umeme na majokofu makubwa, kompyuta peke yake haitoshi.

Na kelele usizisahau. Mafeni hayalali. Si kelele ya mashine ya kusaga kwamba itazimwa magharibi. Ni mvumo, siku zote, mpaka ukienda kwenu likizo masikio yanautafuta.

#21 Mama Sufiani

Mimi nauliza maji. Nasoma kuwa hivi vitu vinakunywa maji. Sisi huku maji ya bomba ni kwa mgao, na ndugu zangu wa Newala wanajua maana ya kushuka bondeni na ndoo na kupanda nayo. Maji hayo yatatoka wapi?

#22 Mhandisi Joto

Nilikuwa nasoma kimya, swali hili limeniamsha.

Kuna njia mbili kubwa za kupoza. Ya kwanza ni kufanya maji yavukize, kama jasho mwilini au maji ndani ya mtungi wa udongo. Inaokoa umeme lakini maji yanapaa yasirudi. The Dalles, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani, ilijulikana kuwa vituo vya Google vilitumia zaidi ya robo ya maji ya mji mzima mwaka 2021. Ya pili ni kuzungusha maji yale yale ndani ya mabomba yaliyofungwa na kuyapoza kwa mashine, kama friji. Maji kidogo, umeme mwingi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hatutumii maji", muulize umeme. Akikwambia "tunatumia umeme kidogo", muulize maji.

Sasa Mtwara. Jasho linapoza vizuri pale hewa inapokuwa kavu. Mwezi wa tatu Mtwara ukioga hukauki, unajifuta mpaka khanga inalowa. Hewa ya namna hiyo haipokei mvuke vizuri. Kwa hiyo njia ya kwanza hapa ni dhaifu, na mwenye akili atakwenda ya pili, maana yake umeme mkubwa mno. Mnaweza mkasalimika kwenye maji, mkaumia kwenye umeme.

#23 Ruvula Upepo

Si watumie bahari? Hamina, Finland, Google wanapoza kwa maji ya bahari, kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha karatasi. Tuna bahari yenye kina mlangoni.

#24 Mhandisi Joto

Ile bahari yao ni ya baridi ndugu yangu. Yetu unaogelea usiku bila kutetemeka. Inawezekana, ila faida inapungua, na maji yakirudi yakiwa moto zaidi pweza wa Msimbati watahama. Halafu ekari hizo ziko bara, sivyo mleta mada? Chumvi ya hewa peke yake inakula mabati, sembuse saketi.

#25 Mkorosho Mmoja

Ni bara, bahari siioni. Nashukuru wote, nasoma. Vigingi nitaenda kuviangalia Jumamosi, nilikuwa Masasi kwenye msiba.

#26 Wakili wa Mtaani

Pole. Tunasubiri.

#27 Nanyamba Moja kwa Moja

Poleni na msiba. Mimi naleta nadharia nyingine: hii ni kuchimba bitikoini, ile pesa ya mtandaoni. Mtu ana kontena zenye kompyuta, anatafuta umeme wa bei chee, haihitaji mkongo mnene wala nini. Akichoka anapakia kontena anaondoka. "Kampasi" ni jina la kuombea ardhi.

#28 Fundi Mkongo

Hii ya #27 siwezi kuitupa. Inajibu swali langu la mkongo. Haijibu kwa nini ekari 600. Kontena hazihitaji ekari 600.

#29 Njomba Halisi

Madalali. Anapimiwa 600, anajenga uzio, anakwenda benki na ramani. Mimi nimemaliza.

#30 Hesabu za Halmashauri

Hoja ya mapato hamjaigusa. Loudoun, jimbo la Virginia, Marekani, ndiko vilikojazana vituo hivi kuliko sehemu yoyote, na kodi yao imeiwezesha halmashauri ya kule kupunguza kiwango cha kodi ya nyumba za wananchi. Kwa nini? Kwa sababu wanatoza kodi kompyuta zenyewe zilizomo ndani. Sisi halmashauri yetu kwa biashara kama hii inategemea ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Sasa jiulizeni, ghala liko Mtwara, wateja wako Ulaya, ankara inaandikwa wapi? Mauzo yakiandikwa kwingine, asilimia ya sifuri mnaijua.

Kwa hiyo kabla ya kugombana juu ya maji na mafeni, kijiji kiandike kwenye muhtasari: mauzo yatatambuliwa wapi. Hili ndilo la kupigania, hayo mengine ni ya kupoza ulimi.

#31 Mama Sufiani

Hayo mengine ni ya kupoza ulimi? Maji ni ya kupoza ulimi kweli kweli, ndiyo maana nayauliza.

#32 Hesabu za Halmashauri

Nimekosea kusema mama, samahani.

#33 Kijana wa Shangani

Kenya wao walitangaza cha kwao Mei 2024, Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, dola bilioni moja, umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Sisi tunaleta vikwazo. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, mitambo tisa. Umeme upo!

#34 Mhandisi Joto

Kutangaza si kuwasha. Na wa Olkaria wanakaa juu ya chungu kinachochemka chenyewe.

Umeme wa bwawa upo Rufiji, swali ni nyaya za kuufikisha kwa wingi huo. Kituo cha umeme wa gesi cha Mtwara mjini kuna wakati uwezo wake ulikuwa megawati 18. Cha kwanza cha Olkaria kilitajwa megawati 100. Piga hesabu. Ireland, ambayo ina gridi ya maana, vituo vya data vilikula asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita 2023. Akiamua kujifungia mitambo yake ya gesi, nayo ina moshi wake; Memphis kule Marekani majirani wa kituo cha xAI, kampuni ya akili mnemba, wamelalamikia sana majenereta ya gesi.

#35 Ruvula Upepo

Lakini akichoma gesi hapa, si ndicho watu walichokuwa wanadai 2013? Watu walisimama barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, neno lilikuwa gesi itumike hapa hapa. Leo anakuja mtu wa kuitumia hapa hapa tunamuuliza mafeni yanalia vipi.

#36 Bi Mkubwa wa Mikindani

Tulidai viwanda vyenye watu ndani, Ruvula. Nilikuwepo. Mei ile duka langu lilifungwa siku nne. Hatukudai ghala lenye walinzi wawili.

#37 Ruvula Upepo

Sawa, hapo nanyamaza.

#38 Chikongola Stendi

Ruvula kanyamaza, piga picha.

#39 Mkorosho Mmoja

Wakuu nimerudi. Jumapili mkutano uliitwa. Akidi haikutimia, Bi Mkubwa ulitabiri, ila watoto wa shule hatukuwahesabu. Mwenyekiti kasema barua "iko njiani".

Vigingi: kimoja kimeng'olewa, nadhani mtu kapikia. Kilichobaki kimeandikwa kwa wino mweusi BH 03. Jirani cha kwake ni BH 05. Karibu na cha kwangu kuna shimo limezibwa kwa zege, upana kama sahani ya chakula, na udongo wa ndani umeachwa pembeni, mwekundu halafu mweupe. Hilo shimo mwanzo sikuliona, nyasi zilifunika.

#40 Mpimaji Mstaafu

BH! Hao si wapima mipaka. BH ni borehole, shimo la kutoboa ardhini. Kuna mtu alitoboa shambani kwako na hukumbuki kuona mashine?

#41 Mkorosho Mmoja

Nimewaambia nilikuwa msibani Masasi. Mtoto anasema lilikuja lori lenye mnara, likalala siku mbili.

#42 Mama Sufiani

Basi wanatafuta maji! Nilisema.

#43 Mhandisi Joto

Au wanapima udongo kama unabeba msingi wa jengo zito. Shimo la maji huwekwa bomba, haliishii kuzibwa zege. Udongo mweupe huo mchukue kidogo kwenye mfuko.

#44 Nanyamba Moja kwa Moja

Au wanatafuta madini. Kinywe kiko Ruangwa na Masasi. "Data" inaweza kuwa data za miamba ha ha.

#45 Wakili wa Mtaani

Kwa maji, kwa msingi au kwa madini, kutoboa shamba la mtu bila kumwambia ni kosa. Andika barua kwa mtendaji leo, nakala ubaki nayo, mhuri wa kupokea. Sasa uzi umekuwa mwingine kabisa.

#46 Mwana Likong'o

Na miche?

#47 Mkorosho Mmoja

Nimepanda 36 leo asubuhi, mvua ilinyesha usiku. Minne nimeiacha kwenye viriba, ile ya kuzunguka shimo. Pale nimeshindwa kuamua.

#48 Chikongola Stendi

Hiyo minne niuzie mimi.